Nilikotumwa Kusomea Ualimu

Mwanangu, ipo siku moja ambayo hata nikisahau nilichokula asubuhi, hiyo siisahau. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya karai, mikono imejaa povu la sabuni, namwogesha mtoto wa mtu mwingine huku nikionyeshwa namna ya kumshika shingo asizame. Wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa ualimu. Angalau mimi ndivyo nilivyojua. Nikawa najiuliza moyoni, hivi huku kuogesha watoto ndiko kutakakonifikisha kwenye ubao, au kuna mahali nimepotea? Mtoto akalia, nikamsuuza, nikampangusa. Sikumwuliza mtu.

Nakusimulia haya kwa sababu jana ulikaa na mimi hapa ukanionyesha kwenye simu yako vyuo chungu nzima. Hiki kinatoa cheti, kile kinatoa stashahada, kile kingine ni chuo kikuu na kinatoa shahada. Rafiki yako kakuambia ukipita chuo kikuu hutafundisha shule ya msingi, mjomba wako wa Mkwajuni kasema utafundisha, na mtu mwingine usiyemjua kaandika hukohuko kwenye simu kwamba wote wawili ni waongo. Ukaniambia, "Bibi, nimechanganyikiwa." Sikukujibu palepale. Vyuo vya siku hizi sivijui. Kuchanganyikiwa, hilo nalijua vizuri. Sogeza kiti.

Nimezaliwa hapahapa Igamba, enzi za Mwingereza, wakati wazee wetu wa Mbozi wameanza kupanda mibuni pembeni ya mahindi. Baba yangu, mzee Yoramu, alikuwa Mnyiha, mtu wa shamba na wa kanisa. Mama alikuwa Mnamwanga wa Tunduma, nusu ya ndugu zake wakikaa upande huu wa mpaka na nusu upande ule, Rhodesia ya Kaskazini kama tulivyoiita Zambia wakati ule. Kaka zangu walikuwa wamekwenda migodini kusini kama vijana wengi wa wakati ule. Nyumbani tulibaki wazee wangu na mimi, Eliseba.

Shule ya misheni iliyokuwa karibu nasi iliishia darasa la sita. Nilipolimaliza nilikuwa najua jambo moja tu kuhusu maisha yangu, kwamba nataka kuwa mwalimu. Nilitaka tangu siku ya kwanza shuleni, mwalimu alipoandika herufi moja ubaoni na sisi wote, watoto wa Kinyiha tusiojua hata Kiswahili cha kuombea maji, tukaitamka kwa pamoja mpaka mbuzi nje wakashtuka. Sikujua kuna kazi nyingine duniani inayoweza kufanya hivyo. Lakini mtu anapitia wapi hata awe mwalimu mwenye cheti? Hakuna aliyejua. Hata mwalimu wetu yule wa herufi hakuwa na cheti. Alisoma mpaka darasa la nne, akapewa chaki. Na siku hizo serikali ilikuwa imeanza kuwakataa watu kama yeye. Mkaguzi akipita, asiye na cheti anaambiwa ajitafutie kazi nyingine.

Basi mchungaji wetu alipopita nyumbani siku moja, baba akaona ndiye wa kuulizwa. Alikaribishwa uji wa ulezi, akanywa, akanitazama.

"Mzee Yoramu, binti amemaliza. Sasa mna mpango gani naye?"

"Anataka ualimu, mchungaji. Ndilo analolisema kutwa."

Mchungaji alifurahi mno, mpaka akaweka bakuli chini. "Bwana asifiwe! Wasichana wa kujitoa hivyo siku hizi ni wachache. Kipo chuo cha walimu, kule milimani upande wa Undali. Mafunzo yanaanza mvua zikianza. Nitapeleka jina lake."

Mama, aliyekuwa mlangoni, aliuliza kitu kimoja tu. "Wapo wasichana wengine huko?"

"Wapo, mama. Wako vizuri kabisa, na yuko mama mtu mzima anayewatunza."

Yakaishia hapo. Baba hakuuliza nitasoma muda gani. Mimi, niliyekuwa na haki ya kuuliza kuliko wote, nilikuwa nimepiga magoti nakusanya mabakuli, na furaha imenijaa masikioni sisikii vizuri.

Nikaenda na sanduku la bati kichwani. Chuo chenyewe kilikuwa mlimani, kwenye baridi ambayo hata sisi wa Mbozi tunaiheshimu. Upande mmoja kulikuwa na nyumba za vijana wa kiume, upande mwingine bweni la wasichana, kanisa katikati. Siku ya kwanza tu, kabla sijafungua sanduku, msichana mmoja mchangamfu aitwaye Damari alinisogelea akaniuliza, "Wa kwako ni yupi?"

Nikafikiri ananiuliza ni mchungaji yupi aliyenileta. Nikamjibu kwa fahari, "Wa kwangu ni mchungaji wa Igamba."

Bweni zima likageuka kunitazama. Damari akashusha sauti. "Mchungaji? Si ana mke?"

"Anaye," nikasema, "na watoto wengi."

Mwingine akajifunika kanga usoni, mabega yakimtikisika. Nami nikacheka kwa adabu, maana wenzangu walikuwa wanacheka, ingawa sikujua tunacheka nini. Mwanangu, ukijiona unacheka usichokijua, simama hapohapo uulize. Mimi sikusimama.

Masomo yakaanza. Asubuhi Biblia, baadaye kushona, baadaye kupika kwa usafi, baadaye kuogesha na kulisha watoto wachanga wa pale misheni. Nikajiambia, hivi ni vya mwanzo, ubao utakuja. Kila mwanafunzi alipewa nguo za kufua. Mimi nilikuta kwenye fungu langu mashati mawili ya kiume, nikayafua na kuyapiga pasi ya mkaa mpaka kola ikasimama, nikidhani ni zoezi. Wiki iliyofuata mashati yaleyale yakarudi. Nikaona walimu wetu ni watu makini, wanataka turudie mpaka tujue.

Mwenye mashati alikuwa Amoni, kijana wa Msangano, mrefu, mpole, mwenye sauti nzito iliyotokea mara chache. Tukikutana kwenye njia ya kisimani alikuwa ananisalimu, "Habari za masomo, dada Eliseba?" nami namjibu "Nzuri, kaka," halafu kila mtu anatazama miguu yake. Jumapili moja aliniletea kibati cha asali kutoka kwao. Nikamshukuru, nikaenda nacho bwenini, nikawagawia wenzangu wote. Wakapiga vigelegele! Nikashika kibati kitupu nikawaza, hawa watu wa huku wanapenda asali kupita kiasi.

Unacheka. Cheka tu. Lakini nakuambia kweli, kila usiku nilikuwa nayarudia mambo ya mchana kichwani. Nilijua kuna jambo wote wanalijua isipokuwa mimi. Kadiri siku zilivyopita ndivyo ilivyokuwa vigumu zaidi kuuliza, maana swali ambalo siku ya kwanza lingeonekana la mgeni, baada ya miezi linaonekana la mjinga.

Damari ndiye aliyenivunja. Tulikuwa tunashona, akaniuliza, "Gauni lako umeamua likoje shingoni?"

"Gauni gani?"

"La baada ya Pasaka. Si tunafungishwa wote siku moja?"

"Tunafungishwa nini?"

Akaniangalia kama mtu aliyeona nyumba inaungua na mwenye nyumba anapalilia. "Ndoa, Eliseba."

Niliacha sindano ndani ya kitambaa, nikaenda moja kwa moja kwa Mama Rahabu, yule mama mtu mzima aliyetutunza. Alikuwa mjane, mnene, mwenye sauti ya kuamrisha, na sisi wote tulimwogopa. Nikamkuta anapepeta mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona unahema?"

"Mama, ubaoni tutaanza lini?"

"Ubao upi?"

"Wa kufundishia. Mimi nimekuja kusomea ualimu."

Mama Rahabu akaanza kucheka. Akacheka mpaka ungo ukainama. Kisha akanitazama usoni, kicheko kikakatika. Akaweka ungo chini, akaniambia nikae.

"Mwanangu," akasema, "nani alikuambia hapa panasomewa ualimu wa shule? Hapa wale vijana wanasomea ualimu wa kanisa. Watatunza washirika vijijini, watafundisha wabatizwa, watazika wafu mchungaji asipokuwepo. Na ninyi ni wachumba zao. Mnafundishwa kuwa wake wa walimu. Wewe tuliambiwa una moyo wa kazi hii, na Amoni alikuwa hana mchumba. Tukajua umeletwa kwa ajili yake."

Unaona, mwanangu? Enzi zile neno mwalimu lilibeba watu wawili. Yuko wa shule na yuko wa kanisa, wote tuliwaita mwalimu, na vijijini mara nyingi alikuwa mtu mmoja mwenye kazi zote mbili. Sijui mchungaji alikusudia lipi. Miaka mingi baadaye, nikiwa mtu mzima, nilimwuliza: "Baba mchungaji, siku ile ulisema chuo cha namna gani?" Akanijibu, "Nilisema chuo cha walimu." Nikamwuliza, "Walimu gani?" Akasema, "Walimu," akanitazama kwa huruma, kana kwamba uzee umenianza mimi na si yeye. Mpaka amezikwa sijajua.

Nililia pale kwenye mchele. Mama Rahabu aliniacha nilie kidogo, halafu akanikaripia, na karipio lile ndilo lililonifanya mtu.

"Umekaa hapa tangu mvua za kwanza," akasema. "Umefua mashati ya mwanamume usiyemjua. Umekula asali yake. Hukuuliza?"

"Niliogopa kuonekana sijui."

"Sasa wewe unayetaka kusimama mbele ya watoto na kuwauliza maswali kutwa nzima, unaogopa kuuliza moja? Mtoto wa darasa lako akikaa mwaka mzima haelewi, amenyamaza kwa sababu anaogopa kuonekana hajui, utamwita mwenye adabu?"

Nikaanza kuokota punje za mchele zilizomwagika.

"Hakuna aliyekuficha hapa. Ungeuliza siku ya kwanza, siku ya pili ungekuwa kwenu. Sasa futa uso. Kwanza utakwenda kusema na Amoni, wewe mwenyewe, si mimi. Halafu utarudi nyumbani. Na safari hii mtu akikuambia kuna chuo, mwulize, naingia na nini, na nikimaliza natoka nikiwa nani? Akishindwa kukujibu, mshukuru, nenda kwa mwingine."

Kusema na Amoni kulinishinda mara mbili. Nilifika karibu na nyumba zao nikageuka. Mara ya tatu alinikuta nimesimama tu, akakaa kwenye gogo, akangoja. Nikamweleza yote, toka uji wa mchungaji mpaka gauni la Damari. Alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Mimi niliambiwa umekubali," akasema. "Nikatuma habari nyumbani. Baba amekwisha kutenga ng'ombe."

"Sikukubali, kaka. Sikuulizwa."

"Nami sikukuuliza." Akabandua gome la gogo. "Tumekaa hapa sisi wawili tukingojea jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelisema." Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo sana kwa mtu mrefu kama yeye, "Na ningekuuliza?"

Mwanangu, mpaka leo sijui ningejibu nini. Alikuwa mtu mwema, na macho yake siku ile yalinichanganya kuliko mambo yote ya chuo kile. Nikamwambia, "Nataka kufundisha watoto kusoma." Akaitikia kwa kichwa. Akasema atakwenda mwenyewe kuwaeleza wakubwa wa chuo, ili isije ikasemekana nimefukuzwa. Alitimiza. Baadaye alipewa usharika kwao Msangano, akaoa mwanamke wa hukohuko aliyemkubali kwa mdomo wake mwenyewe. Nilifurahi niliposikia. Nilifurahi, na kulikuwa na kipande kidogo cha moyo ambacho hakikujua kifanye nini.

Kufika nyumbani, hata hivyo, ikasemekana nimefukuzwa. Wanawake wa kisimani walinitazama tumbo kabla ya uso. Baba alikuwa amekasirika na hajui amkasirikie nani.

"Mimi masikio yangu yalisikia ualimu," akasema.

"Mimi nilisikia uchumba," akasema mama.

Baba akamgeukia. "Ulisikia uchumba ukanyamaza?"

"Nilijua na wewe umeusikia!"

Wakakaa wakitazamana, watu walioishi pamoja miaka yote ile, walioketi nyumba moja na mgeni mmoja na bakuli moja la uji, kila mmoja akatoka na habari yake. Nilitaka kucheka na kulia.

Ndipo kila mtu alipoanza kunishauri. Baba alikwenda boma, karani akamwambia bila kuinua macho kwamba ualimu unataka darasa la kumi, asiye nalo asahau. Darasa la kumi kwa msichana wa Igamba, siku hizo! Ilikuwa sawa na kuambiwa nipande mwezini. Yule mwalimu wetu aliyeishia darasa la nne akasema hapana, chaki inatosha, serikali itachoka na vyeti vyake. Halafu akaja mjomba Sichone, kaka yake mama, mfanyabiashara wa Tunduma aliyekuwa akivusha chumvi na vitambaa huku na huko. Yeye alikuwa na habari tamu kuliko wote.

"Mpwa wangu, mbona mnahangaika? Vuka mpaka! Kule wanachukua hata darasa la sita. Unasoma kidogo, unatoka na cheti. Mwingereza ni yuleyule, picha ya mfalme ukutani ni ileile."

Niliondoka naye kesho yake kwa lori la Mhindi lililokuwa linakwenda Tunduma, nimekaa juu ya magunia, vumbi la barabara kuu limenigeuza mwekundu. Kichwani mwangu karani alikuwa anagombana na mjomba, na mwalimu wa chaki anagombana na wote wawili. Lakini katikati ya kelele ile nilikuwa nimeshika maneno ya Mama Rahabu. Naingia na nini, natoka nikiwa nani.

Upande wa pili wa mpaka palikuwa na shule ndogo ya nyasi. Mjomba alijua mwanamke anayefundisha pale, ameolewa na mtu wa huko, akanipeleka. Tulipokaribia tulisikia watoto wanamsalimu kwa Kibemba, "Mwapoleni mukwai!" Nilishangaa, maana walipokuwa nje wanacheza walikuwa wanasema Kinamwanga kama mama yangu. Mwanamke akatoka mlangoni na chaki vidoleni. Jina lake lilikuwa Debora. Alipogundua natoka Mbozi, uso ukamfunguka, akabadili lugha. Kumbe na yeye alikuwa wa upande wetu.

"Shikamoo, mwalimu," nikasema.

"Marahaba. Lakini hapa usiniite mwalimu, mdogo wangu. Hapa mimi ni msaidizi."

Nikaona nimeanza tena kutokuelewa. Safari hii nikafungua mdomo. "Kwa nini msaidizi, na wewe unafundisha?"

Akanikalisha kivulini mwa ukuta. "Nilisomea Tanganyika," akasema. "Nilipewa cheti, nikafundisha huko, wakaguzi wakanijua. Nilipoolewa nilivuka mpaka kwa miguu, hatua chache tu kama ulivyovuka wewe sasa hivi, nikawa si mwalimu. Cheti cha kule huku hawakipokei. Cha huku nacho ukikipeleka kule watakurudisha. Kule unafundisha kwa Kiswahili, huku kwa Kibemba. Mfalme ni mmoja, lakini ofisi zake hazisalimiani."

Mjomba Sichone akakohoa, akaenda kuangalia mizigo yake.

"Kwa hiyo nikisoma huku..."

"Utafundisha huku. Kama ndiko unakotaka kuishi, hakuna ubaya. Wewe unataka kufundisha wapi?"

"Kwetu. Igamba."

"Na unataka kumfundisha nani?"

Hilo hakuna aliyewahi kuniuliza, wala Mama Rahabu. Nikafikiri kwanza. "Watoto wadogo," nikasema. "Wale wanaoanza kabisa."

"Basi sikiliza vizuri." Akanieleza taratibu, kama anavyoeleza mtu aliyepita njia kwa miguu yake. Kwa Tanganyika, nimalize darasa la nane na kufaulu mtihani wake. Halafu miaka miwili chuoni, na humo nitapelekwa kwenye shule kufundisha mbele ya macho ya watu. Nikishinda, napata cheti cha daraja la pili, na hicho ndicho cha kufundishia watoto wa madarasa ya chini. Karani wa boma hakudanganya, akasema. Darasa la kumi ni la daraja la kwanza, wale wa shule za kati. Na kule Uganda kipo chuo kikuu, walimu wa sekondari wanatoka huko. "Kila mmoja amekuambia kweli ya mtu mwingine," akasema. "Ya kwako ni hii."

Nilirudi na furaha, na njiani furaha ikaanza kupungua. Darasa la nane maana yake nirudi darasani, bweni la mbali, nikakae darasa la saba na wasichana wadogo kwangu, mimi niliyekuwa karibu kuvishwa gauni la ndoa. Nilipomweleza baba, alichuma jani la mbuni, akalipekecha vidoleni.

"Watu watasema," akasema mwishoni.

"Wameshasema," mama akajibu. "Waache waongeze."

Nikarudi shule. Wasichana walikuwa wananiita "Mama" kwa utani, na mwezi wa kwanza niliona haya mpaka kula kulinishinda. Lakini nilikuwa nauliza. Lo, niliuliza! Mwalimu wa hesabu alifika mahali akisema, "Eliseba, kabla hujanyosha mkono, ngoja nimalize sentensi." Nikafaulu la nane. Nikaingia chuoni, safari hii cha ualimu wa shule kweli. Siku ya kwanza, kabla ya kuweka sanduku chini, nilimwuliza mkuu wa chuo tunatoka hapo tukiwa nani. Alinishangaa, akanijibu, na jibu lilikuwa lilelile la Debora.

Usidhani mkanganyiko uliishia pale. Siku ya kufundisha mbele ya mkaguzi nilikuwa nimepanga somo la kutoa kwa kutumia karanga. Kila mtoto karanga zake kumi mezani. Nikawaambia watoe mbili, wahesabu zilizobaki. Mmoja akasema nane, sawa. Mwingine akasema nane, sawa. Wa tatu akasimama akasema kwa ujasiri, "Hakuna." Nikamwambia ahesabu tena. Akasema, "Mwalimu, nilitoa mbili nikala, nikaona tamu, nikatoa na zingine." Darasa zima likaanza kutafuna. Nilisimama pale na chaki, sijui nicheke, nikaripie, au nitoke nje nirudi Igamba. Nikamwuliza mtoto, "Kwa hiyo ulitoa ngapi?" Akasema, "Zote kumi." "Zikabaki ngapi?" "Hakuna." Nikageuka nikaandika ubaoni kumi toa kumi. Mkaguzi, Mzungu mmoja mwenye masharubu, akainamisha kichwa kwenye karatasi zake na sikuona uso wake. Niliamini nimeanguka. Kumbe nilishinda.

Nikaja kufundisha hapa Igamba, darasa la kwanza, mpaka Mwingereza akaondoka na mimi nikabaki, mpaka nikastaafu. Wengi wa wazee unaowaamkia barabarani niliwashika mkono kwenye herufi ya kwanza.

Sasa nikuambie niliyokuitia. Mwanangu, usione haya kuchanganyikiwa. Mtu anayechanganyikiwa angalau anajua kuna kitu hajakielewa. Ubaya ni kuchanganyikiwa ukanyamaza, ukaendelea kufua mashati. Ukifika kwenye chuo chochote, kikubwa au kidogo, uliza waziwazi mtu anaingia na nini na anatoka akiwa nani. Uliza na lile ambalo Mama Rahabu hakunifundisha, nikalikuta ng'ambo ya mpaka kwa Debora, kwamba hicho utakachotoka nacho, nani atakipokea? Usimwulize aliyesikia. Mtafute mwalimu aliyesimama darasani mwaka huu, aliyepita njia hiyo juzi, akueleze ilivyo kwa kinywa chake. Na usichague chuo kwa ukubwa wa jina lake. Anza na yule unayetaka kumfundisha. Kama ni mtoto mdogo, tafuta njia inayokufikisha kwa mtoto mdogo, hata kama marafiki zako wanapita yenye majengo marefu. Na kama hapo baadaye moyo utataka chuo kikuu, nenda, elimu haina lango linalofungwa kwa sababu ulianzia chini. Lakini nenda ukijua unakwenda wapi.

Na ukiona umekosea, rudi mapema. Usiogope watu wa kisimani. Watasema, watachoka, wataleta watoto wao uwafundishe.

Haya, lete kichwa chako hapa niweke mkono. Mungu aliyeniongoza mimi nisiyejua ninakokwenda akuongoze na wewe. Akupe mdomo wa kuuliza na subira ya kusikiliza jibu. Akupe darasa lenye watoto wengi na madirisha mazima. Na ukigonga mlango usio wako, akukutanishe na mtu wa kukuelekeza wa kwako, akucheke kidogo tu, kisha akushike mkono. Amina, mwanangu. Nenda kaulize.